Yai Moja Juu ya Mwamba Mtupu

Mwenyekiti, wazee wetu, dada na kaka, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango kama watu wenye safari: nimeombwa nizungumzie kutazama ndege kwenye majabali ya bahari, na nimepewa nusu saa. Nusu saa haitoshi kumweleza ndege mmoja akaeleweka, sembuse jabali zima. Kwa hiyo nitafanya hila. Nitazungumza juu ya yai. Moja tu.

Mahali penyewe ni Bempton, pwani ya mashariki ya Yorkshire, Uingereza, kaskazini kidogo ya rasi ya Flamborough. Ni ukuta wa mawe ya chokaa, mweupe, unaoshuka wima mpaka baharini, na penye kimo kikubwa unafika kama mita 100. Ukija kutoka bara hakuna kinachokuonya. Mashamba, nyasi, njia ya miguu, halafu ardhi inakatika kama mkate. Hifadhi inasimamiwa na RSPB, jumuiya ya kulinda ndege iliyoanzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochoshwa na kofia zilizopambwa kwa manyoya na mbawa. Kati ya Machi na Oktoba ndege wapatao nusu milioni hukusanyika hapo. Wengi wao hawana haja na nchi kavu siku nyingine zote za mwaka. Wanakuja kwa shughuli moja tu, kisha wanarudi kwao, na kwao ni majini.

Siku ya kwanza nilikosea kama wanavyokosea wageni wote. Nilisimama kwenye uzio, nikaweka darubini machoni, nikaanza kuufagia ukuta mzima kutoka kushoto kwenda kulia. Ndege juu, ndege chini, ndege hewani, kelele zisizo na mwanzo wala mwisho, na harufu, sitawaficha, ya samaki aliyelala siku tatu ikichanganyika na amonia, inayopanda na upepo na kukung'ang'ania mpaka kwenye nguo. Baada ya dakika ishirini kichwa kiliniuma na sikuwa nimemwona ndege hata mmoja. Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu, "Ndege wengi." Alicheka sana, na sikumlaumu. Akaniambia nichague rafu moja ya mwamba, isiyozidi urefu wa mkono wangu, niitazame hiyo hiyo mpaka chai yake iliyo kwenye chupa iishe.

Alikuwa na chupa kubwa.

Rafu niliyoichagua ilikuwa na gilimoti kumi na wanne. Kwa wasiomjua: ni ndege wa kimo cha bata mdogo, mgongo wa kahawia iliyokolea sana, tumbo jeupe, mdomo mrefu uliochongoka kama shazia. Husimama wima. Kwenye rafu walikuwa wamebanana bega kwa bega, nyuso ukutani, migongo baharini, kama watu waliogombana kwenye foleni na hakuna aliye tayari kuacha nafasi yake. Kila mara mmoja alitaka kupita katikati, na kila aliyepitwa alimdonoa. Halafu wale wale waliodonoana wakageuka kuchambuana manyoya ya shingo, taratibu, macho yamefumbwa. Sauti yao si wimbo. Ni mngurumo mrefu wa kooni, "arrrr," unaopokewa na rafu ya jirani, kisha ya chini yake, mpaka ukuta mzima unanguruma.

Gilimoti hajengi kiota. Hata kijiti haleti. Jike hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu, na wazazi huliatamia kwa zamu kwa muda wa siku 32 au zaidi kidogo, wakiwa wamesimama na yai limekaa juu ya miguu yao, limefunikwa na ngozi ya tumbo isiyo na manyoya. Kwa hiyo unaweza kukaa saa nzima ukiwatazama gilimoti kumi na wanne na usilione yai hata moja. Utakachoona ni ndege aliyesimama vibaya kidogo, mabega yameinama, mbawa zimelegea, kama mtu aliyeficha kitu chini ya vazi lake.

Nililiona wakati wa kubadilishana zamu. Dume, au huenda lilikuwa jike maana kwa macho hawatofautiani, lilirudi kutoka baharini, likatua kwa kishindo juu ya migongo ya jirani, likapokea midomo yao, likafika kwa mwenziwe. Wakainamiana. Kisha aliyekuwa zamu akaanza kurudi nyuma hatua ndogo ndogo huku mwingine akijisogeza mahali pale pale, na kwa kitambo cha kupepesa jicho yai likabaki peke yake mwambani. Lilikuwa la rangi ya bahari ya asubuhi, kati ya buluu na kijani, na juu yake mistari myeusi iliyojikunja ovyo, kama mtu aliyejaribu kalamu kuona kama wino unatoka. Halafu likafunikwa. Nikagundua nilikuwa nimeshikilia pumzi.

Yai hilo lina umbo la pea: upande mmoja mnene, upande wa pili umechongoka. Maelezo mliyowahi kuyasikia, nami niliyarudia miaka mingi, ni kwamba limeumbwa hivyo ili likisukumwa lizunguke duara badala ya kuviringika na kutumbukia. Ni hadithi tamu. Lakini Tim Birkhead wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake, walipoyajaribu mayai yenyewe juu ya mawe yenye mteremko, waliona hoja ya duara haitoshi. Umbo lile linalifanya yai litulie palipoinama na lisianze kuviringika kabisa. Tofauti ni ndogo kwa anayesikiliza, lakini ndiyo tofauti kati ya kusimulia na kutazama, na mtaniwia radhi nikisema kwamba sisi wapenda ndege tunasimulia kuliko tunavyotazama.

Rangi nayo ina kazi yake. Mayai ya gilimoti hayafanani: meupe, ya buluu, ya kijani, ya kahawia, yenye madoa, yenye michoro, mengine hayana hata doa. Lakini jike mmoja hutaga yai la rangi na michoro ile ile mwaka hadi mwaka, na mara nyingi hurudi kutaga mahali pale pale, kwa kipimo cha shubiri. Kwenye rafu iliyosongamana hivyo, mzazi anatakiwa kulijua yai lake kwa macho.

Hapo ndipo binadamu anapoingia.

Kwa vizazi vingi, wanaume wa vijiji vya Bempton na Flamborough walishuka ukuta ule kwa kamba kuokota mayai. Kwa lahaja yao waliitwa "climmers", yaani wapandaji, ingawa kazi yenyewe ilikuwa kushuka. Watatu au wanne walibaki juu wakishika kamba, mmoja akaning'inia chini na mifuko yake, amevaa kofia nene kwa sababu ya mawe yanayobomoka juu ya kichwa. Mayai yaliliwa, ute wake ulitumika viwandani, na mazuri zaidi yaliuzwa kwa wakusanyaji. Mwanasheria mmoja, George Lupton, alikusanya zaidi ya mayai 1,000 ya gilimoti kutoka kwenye majabali hayo. Wapandaji waliyajua majike kwa rangi ya mayai yao kama vile fundi anavyojua kazi ya fundi mwenzake. Lilikuwepo jike lililotaga kwenye sehemu ya mwamba iitwayo Metland, yai lake halikufanana na mengine, na kila mwaka mpandaji alishuka pale pale akalichukua lile lile. Mwaka baada ya mwaka. Tafakarini hilo kwa upande wa jike. Anarudi kutoka baharini, anasimama pale pale, anataga, linaondoka. Tabia yenyewe iliyokusudiwa kumsaidia kulijua yai lake ndiyo iliyomsaidia mwizi. Mambo haya yalikoma kisheria mwaka 1954 tu, kwa sheria ya kulinda ndege ya mwaka huo.

Msiwahukumu sana wapandaji. Walikuwa watu wa vijijini, kazi ilikuwa ya kufa na kupona, na gilimoti akipoteza yai mapema huweza kutaga jingine baada ya wiki mbili hivi. Madhara makubwa yalitoka kwingine, baharini, kwa watu waliokuja kustarehe.

Reli ilipofika Bridlington, mji wa jirani, katika karne ya 19, ikawa desturi ya wageni kukodi mashua, kusogea chini ya majabali na kufyatulia risasi ndege waliokaa kwenye viota. Si kwa chakula. Kwa kulenga shabaha. Waliokuwa na nia ya pesa waliwapiga kitiweki, shakwe wadogo wa majabali, kwa ajili ya mbawa zao za kupamba kofia za wanawake. Na msimu wenyewe ulikuwa huo huo wa kuatamia na kulea, kwa sababu nje ya msimu huo ndege hawapo.

Aliyeisema hoja hii ikasikika alikuwa profesa wa Cambridge, Alfred Newton. Huyu alikuwa na jeraha lake. Mwaka 1858 yeye na rafiki yake John Wolley walisafiri hadi Iceland kumtafuta auki mkubwa, ndugu wa gilimoti asiyeweza kuruka, mrefu kufika juu ya goti la mtu. Wakangoja miezi miwili bahari itulie wavuke kwenda kwenye jabali la Eldey. Haikutulia. Hata ingetulia wangekuta jabali tupu, kwa kuwa jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa pale pale Eldey mwaka 1844. Auki naye alikuwa akitaga yai moja kwa mwaka. Miaka kumi baada ya safari ile, mwaka 1868, Newton alisimama mbele ya wanasayansi mjini Norwich akaeleza kinachotokea Flamborough: mzazi akipigwa risasi mwezi wa Juni, kinda lililobaki mwambani hufa kwa njaa, na mwenye bunduki halioni.

Mwaka uliofuata, 1869, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuhifadhi ndege wa baharini, ya kwanza nchini humo kulinda ndege wa porini wasiowindwa kwa mchezo wa mabwana. Aliyeipeleka bungeni ni Christopher Sykes, na nyuma yake alikuwepo kasisi wa Bridlington, Barnes-Lawrence, aliyekuwa amechoka kusikia bunduki. Ilikataza kuwaua kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 1 Agosti, na faini ilifika pauni moja kwa kila ndege. Hoja mojawapo iliyowashawishi wakubwa haikuwa ya huruma hata kidogo: mabaharia walisema katika ukungu mzito kelele za ndege wa Flamborough ndizo zilizowaambia kwamba mwamba uko karibu. Sheria haikuyagusa mayai. Ndiyo maana wapandaji waliendelea kwa miaka mingine 85. Lakini ililinda wazazi, na katika hesabu ya yai moja, mzazi ndiye mtaji.

Hesabu yenyewe ni hii. Gilimoti huanza kutaga akiwa na miaka mitano hivi au zaidi. Akifanikiwa, huendelea miaka ishirini na zaidi. Yai moja kwa mwaka, na mayai mengi hayafiki mbali: yanaanguka, yanaibwa na shakwe, kinda linakosa samaki. Msimu mmoja mbaya si msiba. Ana misimu mingine. Lakini ukimwua yeye, umeondoa mayai yote ya miaka iliyobaki, pamoja na la mwaka huu analoliatamia. Kuku angeliziba pengo hilo kwa mwezi. Jabali la bahari hulijaza kwa muongo, kama likijaaliwa.

Karibu kila mkazi wa ukuta ule anaishi kwa hesabu hiyo. Rezabili, binamu wa gilimoti mwenye mdomo mpana uliokatwa na mstari mweupe, yai moja. Pafini, yai moja. Ganeti, yai moja. Fulma, ndege wa kijivu anayefanana na shakwe, yai moja, na huyu ndiye bingwa wa subira: huweza kungoja mpaka miaka tisa kabla ya kutaga mara ya kwanza. Iko picha maarufu ya mtafiti wa Scotland, George Dunnet, akiwa kijana mwaka 1951 ameshika fulma kwenye kisiwa cha Eynhallow, Orkney. Iko ya pili ya mwaka 1986, Dunnet yule yule, fulma yule yule. Mtu amekuwa mzee. Ndege hana hata unyoya wa mvi. Mkimwona fulma, msimkaribie kinda lake; hutapika mafuta ya tumboni yenye uvundo, kwa shabaha, kufika mita mbili, na nguo hiyo hamtaivaa tena.

Pafini nitampitia haraka, mniwie radhi wanaompenda. Wengi wanaokuja Bempton wanakuja kwa ajili yake, wanauliza langoni yuko wapi, wanapiga picha, wanaondoka. Ni mzuri, sikatai, na ule mdomo wa rangi ni vazi la msimu ambalo magamba yake huvuliwa wakati wa baridi. Lakini Bempton si mahali pake pazuri pa kumwona. Kwingine huchimba mashimo kwenye udongo. Hapa huingia kwenye nyufa za chokaa na humwoni isipokuwa anapotoka. Mpate akirudi na samaki kumi wamepangwa mdomoni kama chanuo, kisha rudini kwenye rafu yenu.

Ganeti ni habari nyingine. Hapa lazima nikae kidogo. Ni ndege mweupe, ncha za mbawa nyeusi, kichwa cha rangi ya siagi, upana wa mbawa karibu mita 1.8. Huruka hadi mita 30 juu ya maji, akamwona samaki, akakunja mbawa nyuma na kuingia kama mkuki kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Hana matundu ya pua kwa nje, na kifuani na usoni ana vifuko vya hewa vinavyopunguza pigo la maji. Kundi la Bempton ndilo kubwa kuliko yote ya ganeti kwenye nchi kavu kuu ya Uingereza. Makundi mengine mengi yako visiwani. Karne moja iliyopita walikuwa wachache wa kuhesabika. Sasa ni jozi zaidi ya 10,000, na kwenye tao la mwamba liitwalo Staple Newk wamepangana kwa umbali wa midomo miwili: kila mmoja amekaa mahali ambapo mdomo wa jirani haumfikii.

Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliwafikia. Yalipita kwenye makundi mengi ya Atlantiki ya kaskazini, na kwenye Bass Rock, kisiwa cha Scotland chenye kundi lililokuwa wakati huo kubwa kuliko yote duniani, lililohesabiwa kuwa na viota zaidi ya 75,000 mwaka 2014, picha za juu zilionyesha mapengo ambapo mwaka uliotangulia palikuwa peupe kwa ndege. Hawa hawakuwa makinda. Walikuwa wazazi. Kisha watafiti wakaona jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Jicho la ganeti kwa kawaida ni la buluu hafifu, karibu nyeupe, na mzingo wa buluu kulizunguka. Baadhi ya walionusurika walikuwa na macho meusi, meusi tii au yenye mabaka. Walipopimwa damu, wengi wa hao walionekana kuwa wameugua wakapona.

Tangu nisikie hilo, kila nikienda Staple Newk nakaza darubini ya miguu mitatu nikitazama macho. Sio mbawa, sio mbizi. Macho. Ni kazi ya kuchosha. Ndege wanageuka, upepo unatikisa miguu ya darubini, machozi yanakutoka. Mara ya mwisho nilikaa saa mbili nikampata mmoja. Alikuwa ameatamia, na ganeti hutumia miguu yake mipana kufunika yai, mguu mmoja juu ya mwingine. Jicho la kulia lilikuwa kama wengine wote. La kushoto lilikuwa jeusi kama punje ya pilipili manga. Alinyanyuka, akaligeuza yai kwa mdomo, akalifunika tena.

Mmoja pale ukutani anatoka nje kidogo ya hesabu yangu: kitiweki. Huyu hutaga mawili kwa kawaida, naye hujenga, kikombe cha matope na majani alichokibandika kwenye kijukwaa kisichotosha hata kiganja. Jina lake ni kelele yake, hamhitaji kitabu. Ncha za mbawa ni nyeusi kama zilizochovywa wino. Makinda yake huzaliwa na adabu ya kutisha: hugeukia ukuta na kutulia, kwani mwenye kutambaa hapo hana wa kusimulia kilichompata. Flamborough na Bempton kwa pamoja zina jozi zaidi ya 40,000, kundi kubwa kuliko yote ya bara ya Uingereza. Lakini mayai mawili hayakumwokoa. Yeye hawezi kuzama kama gilimoti. Huokota samaki juu juu ya maji, na tegemeo lake ni vile visamaki vyembamba vinavyojizika mchangani. Bahari ya Kaskazini imepata joto, wadudu wadogo wa majini wanaoliwa na visamaki hivyo wamebadilika, na kwa miaka mingi meli zilivivua kwa matani ya kutengenezea unga na mafuta ya samaki. Mwaka 2024 uvuvi huo ulipigwa marufuku katika maji ya Uingereza upande wa Bahari ya Kaskazini na katika maji yote ya Scotland. Nilifurahi, ingawa joto la maji halisomi marufuku.

Mtaniuliza albatrosi. Najua, nimeona mikono miwili tayari. Ndiyo, mwaka 2021 alitokea Bempton albatrosi mwenye nyusi nyeusi, ndege wa bahari za kusini, Falkland na kwingineko, akaonekana mara kwa mara majira ya joto, akarudi 2022. Alikuwa akipita juu ya ganeti kama bwana mkubwa aliyekosea mlango. Watu walisafiri usiku kucha. Nami nilikwenda, sijifanyi mtakatifu. Nilichokumbuka zaidi ni safu ya watu mia, wote wametazama upande mmoja, darubini zote hewani, na chini ya miguu yao nusu milioni ya ndege wakiendelea na shughuli bila mtazamaji. Yule albatrosi alikuwa upande usio wake wa dunia, hana jike, hana dume, hana jirani. Msisimko wetu wote ule ulikuwa kwa ndege pekee pale ambaye hangekuwa na yai.

Machache ya kazi, kwa watakaokwenda. Ukuta unatazama kaskazini, kwa hiyo mchana ndege wako kivulini na rangi zinakufa. Kati ya Mei na Julai jua huugusa alfajiri na tena jioni, na wapiga picha wenye akili hufika wakati wengine bado wamelala. Upepo ukitoka baharini, ganeti hutundikika mbele yako kwa kimo cha macho bila kupiga bawa; upepo humbeba bure. Gilimoti wamekwisha ondoka ifikapo mwishoni mwa Julai, msije Agosti mkanilaumu. Kaeni ndani ya uzio, kwa sababu nyasi za ukingoni mara nyingi zinaning'inia juu ya hewa tupu, chini hakuna mwamba. Na daftari. Si la majina. Chorea rafu yako, weka alama kila ndege alipo, andika saa kila mmoja anapobadilishana zamu. Siku ya tatu mtaanza kuwajua.

Nimalizie na rafu yangu, kwa kuwa nimeambiwa zimebaki dakika nne.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Yai lile la buluu lilikuwa limekwisha anguliwa, nami sikuwepo. Nilikuta kinda la wiki tatu, theluthi ya ukubwa wa mzazi, manyoya ya kuruka hayajaota. Kwa gilimoti umri huo ndio wa kuondoka. Huenda jioni, giza likianza, shakwe wakiwa wamepunguza macho. Baba hutangulia majini, humwita kutoka chini, na baada ya hapo ndiye atakayelea baharini kwa wiki nyingi, peke yake. Mama hubaki rafuni.

Kinda lilikwenda ukingoni, likarudi. Likaenda tena, likapiga vibawa vyake ambavyo ni kama vidole vya glavu, likarudi kwa mama, likajificha chini ya tumbo lake. Chini baba alikuwa akiita, na niliweza kuitofautisha sauti yake kwa sababu nilikuwa nimemsikia siku kumi na moja. Mara ya tano kinda halikurudi. Lilianguka miguu imetanuliwa, likagonga mwamba mara moja, likadunda, likaangukia majini pembeni mwa kivuli cha baba. Nikawafuata kwa darubini, viduara viwili vyeusi vikielekea upande wa Norway, kimoja kikubwa kimoja kidogo, mpaka wimbi la kumi au la kumi na mbili, nikawapoteza. Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini usiku na mwanga ulikuwa bado upo. Rafuni mama alikuwa amesimama pale pale, amelegeza mabega, kama aliyeficha kitu chini ya vazi.

Haya, maswali. Tuanze na huyo kijana wa mlangoni kabla hajatoka.